Muhuri wa Siri Niliougonga kwa Mkono Wangu

Kwa miaka saba mshahara wangu ulitoka kwenye makaratasi ya zabuni. Nilifanya kazi Nairobi katika kampuni ndogo iliyotengeneza mifumo ya kompyuta kwa taasisi za umma, na usiku wa kuamkia siku ya kufunga tenda hakuna aliyelala pale ofisini. Mmoja wetu alichapisha, mwingine alijalidi, wa tatu alishika mashine ya chuma ya kupigia nambari na kuipitisha ukurasa baada ya ukurasa. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka kurasa za zabuni zifuatane kwa nambari, na nimeona zabuni nzuri zikitupwa nje kwa sababu nambari moja ilirukwa. Mimi nilikuwa na muhuri. Wino wake ulikuwa mwekundu, na maneno yake matatu: SIRI YA BIASHARA.

Niligonga bei. Niligonga wasifu wa mafundi. Niligonga barua ya benki, cheti cha kulipa kodi, hata ukurasa wa yaliyomo. Siku yangu ya kwanza niliuliza ni kurasa zipi hasa zenye siri. Mkubwa wangu alinijibu bila kuinua macho: "Gonga zote. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kuficha."

Nayatanguliza haya kwa sababu miaka michache baadaye nilijikuta upande wa pili wa dirisha, nikiomba karatasi za kampuni nyingine, na nilichorudishiwa ni muhuri ule ule.

Asubuhi ya kufunga tenda tulitumbukiza bahasha kwenye sanduku, kisha tukaingia chumba cha mikutano pamoja na washindani wetu. Afisa hufungua bahasha moja moja na kusoma kwa sauti jina la kampuni na jumla ya bei yake. Si hisani yake. Sheria ndiyo inayomwamuru asome. Na mle chumbani kila mtu ana daftari. Kabla ya adhuhuri washindani wetu wote walikuwa wanajua tumetaja shilingi ngapi, nasi tunajua zao. Tulirudi ofisini tukazipanga kwenye jedwali, tukaona nani ameteremsha bei kupita kiasi na nani ana njaa ya kazi. Miezi kadhaa baadaye, raia au mwandishi wa habari akiuliza kazi ile iligharimu kiasi gani, huambiwa ni siri ya biashara. Siri kwa nani? Washindani, ambao ndio wangeweza kuitumia kutuumiza, walikuwa nayo tangu siku ile. Aliyebaki gizani ni mlipa kodi peke yake.

Sisemi kwamba siri za biashara ni uongo mtupu. Zipo, na mimi nimewahi kuumia kwa kuvujishwa kwake. Mwaka mmoja tuliwasilisha mpango wa kuhamisha kumbukumbu za taasisi moja kutoka mafaili ya karatasi hadi kwenye kompyuta. Kijana mmoja wa ofisini kwetu aliufanyia kazi miezi miwili. Tenda ikafutwa kwa sababu isiyoeleweka, ikatangazwa upya, na katika tangazo la pili masharti ya kazi yalikuwa yameandikwa kwa maneno yetu. Hata kosa letu la tahajia lilikuwamo. Kuna mkono uliochota zabuni yetu kabla ya uamuzi kutolewa. Yule kijana aliacha kazi kabla mwaka haujaisha, na sikuwa na neno la kumzuia nalo.

Kifungu cha 67 cha sheria ya ununuzi kinakataza jambo kama lile, na ni haki kikataze. Lakini lililotuuma siku ile lilihusu shindano ambalo halijaisha. Laiti zabuni yetu ingeshinda, mkataba ukatiwa saini na fedha za umma zikaanza kulipwa, sioni ni kwa hoja gani ningemnyima mwananchi kujua tunalipwa nini na tumeahidi nini. Siri ina saa yake na ina ukurasa wake. Sisi tuliigonga kwenye kurasa zote na kwa saa zote, na serikali ikaipokea hivyo hivyo, maana hali hiyo iliifaa serikali pia.

Kazi ilipopungua nilirudi nyumbani pwani. Shangazi yangu anauza nazi na ndizi mbichi sokoni tangu sijazaliwa. Zamani ushuru wa soko ulikuwa ni kikaratasi kilichochanwa kwenye kitabu. Siku hizi mkusanyaji ushuru anakuja na mashine ya mkononi, anabofya, risiti inatoka. Mtandao ukiwepo ni jambo zuri. Mtandao ukipotea, mkusanyaji anapokea pesa na kusema ataziingiza baadaye. Jioni anakuja mwingine, mashine yake inaonyesha kwamba shangazi hajalipa, na ubishi unaanza mbele ya wateja. Wiki moja alilipa mara mbili kwa siku tatu mfululizo.

"Mwanangu," aliniuliza nilipokwenda kumsalimia, "wewe si ndiwe uliyekuwa ukiwauzia serikali hizi kompyuta? Hebu niambie, hii mashine ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Niliangalia mgongo wa mashine, nikaona nembo ya kaunti. Lakini kwa miaka yangu ya kazi nilijua nembo haimaanishi umiliki. Mashine inaweza kuwa ya kaunti, inaweza kuwa ya kukodi, inaweza kuwa ya kampuni inayokula asilimia ya kila shilingi anayotoa shangazi. Jibu limo ndani ya mkataba, na mkataba sikuwa nao.

Nilianza na tovuti. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo kwamba taasisi zote za serikali zichapishe habari za tenda zao, na kuna tovuti ya taifa iliyowekwa kwa kazi hiyo. Nilikuta jina la kampuni na jumla ya fedha kwa mstari mmoja. Ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu. Hata hivyo mstari mmoja haukuniambia mashine ni ya nani wala nani anabeba hasara mtandao ukikatika.

Nikaandika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016, iliyotungwa kutekeleza kifungu cha 35 cha Katiba, inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Nililiandika kwa Kiswahili, makusudi, kwa sababu nilitaka shangazi aweze kulisoma kabla sijalipeleka. Kwenye masjala nilimkuta mama mmoja wa makamo. Aliitazama barua, akanirudishia. "Hizi za Kiswahili hatupokei, dada." Nilikuwa nimechapisha kifungu cha 8, nikamwekea mezani kwa adabu. Alikisoma taratibu, akakisoma tena, kisha akachukua muhuri wa mapokezi akagonga nakala zangu zote mbili. "Sikujua," alisema. Tangu siku ile tukawa tunasalimiana kila nikipita, na baadaye ndiye aliyenidokeza faili langu limekwama meza gani. Mtu wa masjala ana uwezo ambao mkurugenzi hana, nami nawashauri wanaoomba habari wasimpite kama fanicha.

Sheria inawapa siku 21 kujibu. Jibu lilikuja siku ya 34, sentensi moja: taarifa zilizoombwa ni za kibiashara na zinalindwa na makubaliano ya usiri baina ya kaunti na mtoa huduma.

Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikaisoma upya barua yangu kwa macho ya mtu aliyewahi kushika muhuri, na nikaona kosa langu. Nilikuwa nimeomba "nakala za nyaraka zote zinazohusu mfumo wa ukusanyaji ushuru." Zote. Ndani ya "zote" hakukosi ukurasa mmoja wenye siri ya kweli, na mwanasheria akishaupata huo anafunga faili zima. Mimi niliomba kwa ujumla kama nilivyokuwa nikificha kwa ujumla.

Ikabidi niisome sheria kwa makini, si kwa kuokoteza vifungu. Nilichokikuta kilinishangaza, nami nilikuwa nimeishi ndani ya tenda miaka saba. Kifungu cha 5 kinailazimisha taasisi ya umma, mara tu mkataba unapotiwa saini na bila kusubiri kuombwa, ichapishe mambo manne: kazi au bidhaa yenyewe pamoja na upeo wake, kiasi cha fedha, jina la aliyepewa, na muda wa kukamilisha. Kwa hiyo mengi niliyonyimwa yalipaswa kuwa hadharani kabla sijazaa wazo la kuandika barua. Kifungu cha 6 ndicho chenye kinga ya maslahi ya kibiashara, lakini hakisemi kila habari ya kibiashara ni siri. Kinataka madhara yawe ya kiasi kikubwa. Na mahakama inaweza kuamuru habari itolewe ikiona faida kwa umma ni kubwa kuliko hasara. Kifungu cha 4 nacho kinasema haki ya mwombaji haiathiriwi na sababu anayoitoa, kwa hiyo lile swali tunaloulizwa kila dirisha, "unazitakia nini?", halina mguu wa kusimamia.

Wakati huo tayari kesi kubwa ilikuwa imeamuliwa hapa hapa Mombasa. Wanaharakati wawili waliiomba serikali mikataba ya reli ya kisasa ya SGR, wakanyimwa kwa hoja, miongoni mwa nyingine, kwamba mikataba yenyewe ina vifungu vya usiri. Mei 2022 Mahakama Kuu iliamuru nyaraka zitolewe, na Novemba mwaka huo Waziri wa Uchukuzi Kipchumba Murkomen akaweka hadharani mikataba ya mkopo wa reli hiyo. Reli si kompyuta, lakini hoja ni ile ile, nayo ndiyo iliyonipa moyo. Watu wawili hawawezi kukaa faraghani wakaandikiana kifungu cha usiri, kisha kifungu hicho kikaizidi nguvu Katiba. Wangeweza, basi kila mkataba ungejiandikia kinga yake wenyewe na sheria ya habari ingekuwa karatasi ya kufungia mandazi.

Na nilikumbuka mashine za hospitali. Mwaka 2015 serikali kuu iliingia mpango wa kukodi vifaa vya kisasa vya tiba kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na nne za kitaifa. Fedha zilikatwa kwenye mgao wa kaunti. Awali kila kaunti ilikatwa kama shilingi milioni 95 kwa mwaka. Kufikia 2018 makato yakawa milioni 200. Magavana walilalamika kwamba wanalipia mkataba ambao hawajapewa nakala yake. Kamati maalumu ya Seneti ilipochunguza, ripoti yake ya 2020 ilieleza juu ya vifaa vilivyokaa bila kutumika, pengine kwa kukosa umeme au wataalamu. Nalifikiria sana jambo hili. Daktari mkuu wa hospitali angeweza kusema mapema, "Sisi hatuna chumba cha mashine hii," kama angeonyeshwa orodha. Ni muuzaji gani angeumia kwa daktari kuonyeshwa orodha ya vifaa anavyoletewa?

Barua ya pili niliiandika kwa siku nne. Safari hii sikuomba "nyaraka." Niliuliza mambo, moja moja, kila moja na nambari yake. Mkataba ulitiwa saini lini na unaisha lini? Kampuni inalipwa kwa kiwango gani, cha mwezi au asilimia? Mashine za mkononi ni mali ya nani? Mfumo ukizimika, mkataba unasemaje juu ya muda na fidia? Kumbukumbu za walipa ushuru zinahifadhiwa na nani, na mkataba ukiisha zinarudi vipi kwa kaunti? Nikaongeza kwamba siombi programu yenyewe wala mpangilio wa mitandao yao, siombi majina na nambari za vitambulisho vya mafundi, na kwamba wakiona neno lolote kwenye ukurasa lina siri, walifunike neno hilo kwa wino mweusi na kunipa ukurasa uliobaki. Mwisho nikaomba, kwa kila watakalolikataa, waniambie ni ukurasa upi, atakayeumia ni nani, na ataumia vipi.

Swali hilo la mwisho ndilo lililobadilisha mambo, na sababu yake niliijua baadaye.

Siku zilipopita bila jibu nilipeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile ambayo wengi tunaijua kwa jina la Ombudsman. Huhitaji wakili, na huna unalolipa. Unapaswa tu kupeleka ndani ya siku 30 tangu kukataliwa. Nikiwa nasubiri, sikukaa bure, na hapa ndipo miaka yangu ya tenda ilipofaa.

Kampuni inayoshindwa tenda na kuhisi imeonewa hukimbilia bodi ya rufaa za ununuzi wa umma. Ina siku 14 za kulalamika, na bodi ina siku 21 za kuamua. Katika siku hizo wanaoshindana hutoboleana kila kitu: bei zao, alama walizopewa, kasoro za mpinzani, hata nambari ya ukurasa uliokosa saini. Uamuzi wa bodi huchapishwa mtandaoni ukiwa na mengi ya hayo ndani yake. Nilitafuta jina la kampuni ile ya mashine za ushuru, nikakuta mshindani mmoja alikuwa amekata rufaa. Rufaa ilitupwa, lakini humo ndani kulikuwa na bei za washiriki wote na maelezo ya huduma kwa aya mbili. Kile nilichoambiwa ni siri kilikuwa mtandaoni muda wote, kwa sababu tu wafanyabiashara walikuwa wamegombana.

Kisha nikaenda kwenye ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Humo mna mapato ya kaunti, na katika matumizi mna malipo kwa mtoa huduma. Nilichukua kikokotoo. Ilitoka karibu shilingi 6 katika kila 100. Nilikaa na nambari ile jioni nzima nikimfikiria shangazi na mafungu yake ya ndizi. Pengine ni bei ya haki. Mashine zinagharimu, mitandao inagharimu, mafundi wanakula. Sikuwa na ugomvi na sita. Ugomvi wangu ni kwamba bunge la kaunti halikuwahi kulijadili hilo hadharani, kwa kuwa kila lilipotajwa mtu alisema "siri ya biashara" na mjadala ukafa.

Baada ya miezi minne nilipigiwa simu na afisa wa ununuzi. Sauti yake haikuwa na uadui hata kidogo. "Dada, ungeandika hivi tangu mwanzo ungetupunguzia kazi," alisema. Tume ilikuwa imewaandikia, na ikawalazimu wajibu lile swali langu la nani ataumia na vipi. Walipokosa la kusema, ndipo kwa mara ya kwanza wakaiuliza kampuni yenyewe. Kampuni ilijibu ndani ya wiki. Ilipinga viambatisho viwili tu, kimoja cha ulinzi wa mfumo na kingine chenye mchanganuo wa gharama zake za ndani. Mkataba uliobaki haukuwasumbua.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Barua ile ya kwanza, iliyotumia jina la mtoa huduma kuninyima, iliandikwa bila mtoa huduma kuulizwa lolote. Ofisi ilikuwa imeona muhuri kwenye karatasi, ikadhani ni marufuku. Nami nilijua muhuri wa namna hiyo hugongwa vipi: mtu mmoja mwenye usingizi, saa nane za usiku, anagonga zote.

Nilipewa kurasa 42, saba kati yake zikiwa zimefunikwa kwa sehemu. Nilizisoma barazani kwa shangazi, yeye akimenya viazi.

Kifungu cha kumi na nne kilisema mfumo ukizimika kwa zaidi ya saa nne, mtoa huduma atakatwa kwenye malipo yake, na katika muda huo risiti za mkono zitakazotolewa na mkusanyaji zitahesabika kuwa malipo halali. Shangazi aliacha kumenya. "Zitahesabika?" Nikamsomea tena. Maana yake zile mara mbili mbili alizolipa hazikuwa na msingi, na ulinzi wake ulikuwa umeandikwa tangu mwanzo na kufungiwa kabatini kwa jina la kulinda biashara.

Kuhusu swali lake la kwanza, jibu lilikuwa ukurasa wa 29. Mashine ni za kampuni. Programu ni ya kampuni. Kumbukumbu za malipo zinahifadhiwa na kampuni, na mkataba ukiisha zitakabidhiwa kwa kaunti "kwa gharama zitakazokubaliwa." Nilikiweka kidole kwenye maneno hayo. Nimeuza mifumo, najua sentensi hiyo inafanya kazi gani. Siku ya kujadili mkataba mpya, kaunti itakaa mezani mwa mtu aliyeshika daftari lake lote la wadaiwa, na mtu huyo ataijua bei ya kila ukurasa.

Si jambo la kaunti ndogo tu. Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu, katika ripoti yake ya mwaka wa fedha 2023/24, aliandika kwamba mfumo wa kidijitali wa afya wa shilingi bilioni 104.8, ule unaobeba bima ya afya ya umma iitwayo SHA, haumilikiwi na serikali. Wakenya wengi waliupata ukweli huo kutoka kwa mkaguzi, mkataba ukiwa umeshasainiwa na mfumo ukiwa umeshawashwa. Nani mwenye kumiliki, kumbukumbu zinakaa kwa nani, na kuondoka kutagharimu nini: hayo ndiyo maswali ya kwanza katika ununuzi wowote wa teknolojia, na hakuna hata moja ambalo jibu lake linampa mshindani faida ya maana. Ukinunua madawati, mkataba ukiisha umebaki na madawati. Ukinunua mfumo, unaweza kubaki na nenosiri lililofungwa. Ndiyo maana naona mikataba ya kompyuta inahitaji mwanga zaidi kuliko ya barabara, na badala yake ndiyo inayofunikwa zaidi, kwa kuwa maneno yake ni magumu na wengi wetu tunaona haya kuuliza.

Wenzangu wa zamani huniambia kampuni zitakimbia tukichapisha kila mkataba. Huwajibu kwa Slovakia. Tangu 1 Januari 2011 nchi ile iliweka sharti kwamba mkataba wa serikali hauanzi kufanya kazi mpaka uchapishwe mtandaoni, na usipochapishwa ndani ya miezi 3 unahesabiwa haukuwahi kufungwa. Kampuni hazikukimbia. Ukraine nayo, tangu 2016, inaendesha tenda zake kwenye mfumo wa wazi uitwao ProZorro, ambamo baada ya mnada zabuni za washiriki wote huonekana. Mimi kama mtayarishaji tenda ningeupenda mfumo kama huo. Wakati ule tulipoteza kazi nyingi bila kujua tulikosea wapi.

Bado sijaridhika na lile la asilimia. Kwenye kurasa nilizopewa mstari wake umefunikwa, ingawa nambari yenyewe nimeipata kwa kugawanya. Nimelirudisha kwa Tume hilo peke yake, kwa barua ya nusu ukurasa, maana kiwango cha malipo ndicho hasa kifungu cha 5 kinachotaka kichapishwe. Jibu halijafika. Nimeandika pia barua ya mapema kuomba rasimu ya masharti ya tenda ijayo, ili suala la kumbukumbu liulizwe kabla ya saini na si baada yake.

Kifungu cha kumi na nne nilikitoa nakala, shangazi akakitia kwenye mfuko wa nailoni na kukiweka chini ya meza yake pamoja na leseni. Mwezi uliopita mtandao ulikatika asubuhi nzima. Mkusanyaji alipokuja, shangazi alimlipa, akamwomba risiti ya mkono yenye saa na saini. Kijana akasema hajaagizwa kutoa. Shangazi akautoa ule mfuko, akamwambia, "Soma hapo, mwanangu." Akasoma akiwa amesimama, jua linamchoma. Kisha akaandika risiti kwenye kipande cha boksi, akatia saini, na kabla ya kuondoka akatoa simu yake akaupiga picha ule ukurasa. Miaka miwili alikuwa akitembea na ile mashine, na hakuwahi kuonyeshwa mkataba wake.